Wapagazi walilala wapi, na kwa nini hoteli yetu haina kitanda

*"Mwalimu, shikamoo. Likizo iliyopita nilikwenda Bagamoyo na watoto, tukaonyeshwa jengo linaloitwa Caravan Serai. Tuliambiwa ndimo walimolala wasafiri wa misafara. Nikajiuliza: je, njia nzima hadi Ujiji ilikuwa na nyumba kama ile? Na kama watu walikuwa wakisafiri kiasi kile, mbona hatuna neno letu la zamani la mahali pa kulala kwa kulipia? Tunasema gesti, tunasema hoteli, na hiyo hoteli yenyewe mara nyingi ukiingia unakuta chapati na maharage tu, kitanda hakuna." (Msomaji, Morogoro)*

Marahaba. Umeuliza maswali mawili ukidhani hayahusiani, kumbe jibu lake ni moja.

Nianze na la kwanza. Hapana, njia ya Ujiji haikuwa na serai zilizopangana kituo kwa kituo. Neno lenyewe ni la Kiajemi: *karwan* ni msafara, *sara* ni jumba. Kule kwao, Uajemi na Uturuki, serai ni jengo la mraba lenye ukuta mnene usio na madirisha nje, na mlango mmoja tu, mpana na mrefu kiasi cha kupitisha ngamia na shehena yake mgongoni. Ndani kuna ua wenye kisima au birika, pembeni mazizi na ghala, na vyumba vya watu. Jua likitua mlango unafungwa na komeo, na mpaka asubuhi hatoki mtu wala mnyama. Karibu na Aksaray, Uturuki, lipo moja liitwalo Sultan Han, lililojengwa mwaka 1229. Katikati ya ua wake kuna kimsikiti kidogo kilichonyanyuliwa juu ya matao manne, na nyuma kuna ukumbi mkubwa wa kujihifadhi wakati wa baridi. Iran wanazo nyingi bado zimesimama. Mwaka 2023 UNESCO iliziingiza 54 kwa mpigo katika orodha ya urithi wa dunia. Zilipangwa kwa umbali wa mwendo wa siku moja, na nyingi ziliendeshwa kwa fedha za mfalme au kwa wakfu, hivyo msafiri alipewa hifadhi bila kulipa, kwa desturi siku tatu. Zishike hizo siku tatu, tutakutana nazo tena.

Sasa tazama serai ile inalinda nini. Inalinda wanyama. Ngamia na nyumbu ndio mtaji wa msafara, na katika nchi kame yenye vijiji vichache na majambazi wengi lazima wawekwe ndani, wanyweshwe na walishwe. Njia yetu haikuwa na ngamia. Kati ya pwani na Ziwa Tanganyika, uliko Ujiji, kuna mapori ya mbung'o, na mbung'o haachi ng'ombe wala farasi, na punda wenyewe hawakudumu. Wamisionari kutoka London walikuja miaka ya 1870 na wazo la kufika Ujiji kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Ng'ombe wakawafia njiani, na mizigo ikarudi mahali pake pa siku zote, begani na kichwani kwa mtu. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 30, ukiachilia mbali mkeka wake, sufuria na posho yake.

Mwenye shehena ya miguu miwili hahitaji zizi. Anachohitaji ni chakula, na chakula kiko vijijini. Kwa hiyo njia ilifuata mashamba ya watu, kutoka mtama wa huyu hadi mtama wa yule, ikabadilika kila panapotokea vita au njaa. Nani angejenga jumba la mawe kwenye njia inayohama? Tena nchi ilikuwa na wenyewe. Mtemi alikuruhusu kupita na kupiga kambi, nawe ukatoa hongo kwa nguo na shanga. Ugogo, ambako maji ni ya kutafuta, hata kisima kilikuwa na bei. Watu husema hongo ulikuwa ushuru tu. Mimi naona ilikuwa pia kodi ya pango: unalipa kulala katika nchi ya mtu, isipokuwa paa unajijengea mwenyewe.

Na walijijengea. Hapa nikae kidogo, maana vitabu vingi vina habari za mabwana waliolala kwenye mahema, na mpagazi wanamwacha njiani na mzigo wake.

Safari ilianza kabla ya mapambazuko. Burton, msafiri Mwingereza aliyepita mwaka 1857, ameandika jinsi kambi ilivyoamshwa kwa kelele: "Pakia! Pakia! Safari leo!" Walitembea kwa baridi ya asubuhi, na jua linapoanza kuuma, saa nne au saa tano hivi, kiongozi mwenye bendera mbele anakuwa ameshaangalia pa kutua. Mizigo inatuliwa na kupangwa pamoja ili iwe rahisi kuilinda. Baada ya hapo ni mbio. Kama kambi ya msafara uliotangulia bado imesimama, wenye miguu myepesi wanawahi vibanda vizuri, na wazembe wanabaki na vile vilivyobomoka. Kama hakuna kitu, wanaingia porini na mashoka: fito zinachomekwa kwa mviringo, zinainamishwa na kufungwa juu, zinaezekwa nyasi na matawi. Kwa saa moja au mbili unaona kijiji kimeota pale palipokuwa na pori. Ukizungushia miiba pande zote, tayari ni boma, na fisi na wezi watafute pengine. Walipokosa fito za kujengea, hasa Ugogo, walilala kwenye kivuli cha mbuyu.

Wapagazi waligawana kwa makundi ya chungu kimoja, watu wachache wanaojuana kutoka kwao, na kundi hilo ndilo lililokuwa nyumba. Hao wanachota maji pamoja, wanasonga ugali pamoja, wanalala wameuzunguka moto mmoja. Wapo waliofuatana na wake zao, na msafara wenye wanawake wengi ulikula vizuri kuliko ule wa wanaume watupu. Posho ilitolewa kwa nguo au shanga, mtu akaenda kijijini kununua unga. Shibe ikiwapo, ngoma ililia hadi usiku. Asubuhi vibanda viliachwa kwa wajao, pamoja na kupe na viroboto wake, hadi siku moto wa mpishi mzembe utakapoviteketeza vyote.

Sasa ukiniambia wapagazi walilala serai Bagamoyo, nitakuuliza wangapi. Msimu ulipofika, maelfu ya Wanyamwezi waliteremka na pembe za ndovu, wakakaa pwani majuma mengi wakingoja mizigo ya kurudi nayo. Jengo moja lenye ua lisingewatosha hata wa misafara michache. Walitapakaa vibandani pembezoni mwa mji. Jengo uliloonyeshwa ni la mwisho wa njia, mahali pa kukusanya watu na bidhaa na kuzihesabu. Usilihesabu kama kituo cha kwanza cha mlolongo uendao Ujiji.

Msafara ukishaingia Unyamwezi, mambo yalibadilika. Pale mpagazi yuko kwao, hana haja ya boma la miiba. Vijiji vilikuwa na iwanza, nyumba kubwa ya wanaume, ambamo mchana wanaume walikaa, wakavuta tumbaku na kuchonga mipini, na ambamo kuna kitanda kimoja kipana cha mbao cha kulaza watu wengi ubavu kwa ubavu. Mgeni mwanamume alifikia humo. Hakuna aliyemuuliza ana shilingi ngapi. Aliulizwa habari za alikotoka, na ole wake asiyekuwa na habari.

Tabora ilikuwa jambo jingine. Wafanyabiashara Waarabu walijenga tembe, nyumba za kuta nene za udongo na paa bapa, zenye ua ndani na baraza mbele. Ukifika na barua au na jina la mtu, unapewa tembe tupu ukae. Burton na mwenzake Speke, waliotoka pwani Juni 1857 na kufika Novemba, walipokewa na Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu wa ukoo wa Harthi, akawapa nyumba na kuwatunza. Mwaka 1872 Livingstone na Stanley walikaa katika tembe ya Kwihara, nje kidogo ya Tabora. Stanley akaondoka Machi, mzee akabaki akingoja wapagazi hadi Agosti. Miezi mitano mgeni! Tembe ile ilijengwa upya na kufanywa makumbusho. Siku nyingine wapeleke watoto huko, wakaone mlango uliochongwa, halafu wainue macho waone dari la magogo na udongo lililolizuia jua la Tabora.

Hapo ndipo penye shina la jibu langu. Katika nchi zetu kitanda cha msafiri kilitoka kwa mtu, na mtu huyo ana jina: mwenyeji. Uzito wa neno hilo tumeusahau. Mwenyeji hakuwa mkarimu tu. Alikuwa dhamana yako.

Ushahidi mzuri kuliko wote ninaoujua ni wa Ibn Battuta, msafiri kutoka Morocco aliyefika Mogadishu mwaka 1331 kabla ya kuteremka Mombasa na Kilwa. Anasimulia kwamba chombo kikitia nanga, vijana wa mji hukifuata kwa mashua ndogo, kila mmoja ameshika sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana anapanda, anamkabidhi sahani mfanyabiashara mmojawapo na kusema, "Huyu ni mgeni wangu." Basi imekwisha. Mfanyabiashara huyo hashuki ila kwenda nyumba ya kijana yule, isipokuwa awe mtu aliyekwisha kuja mara nyingi na anayejulikana mjini, huyo anafikia apendapo. Na mwenyeji ndiye atakayemuuzia bidhaa zake na kumnunulia nyingine. Mtu akimpunja mgeni bei, au akimuuzia kitu mwenyeji asipokuwepo, biashara hiyo haihesabiki. Ibn Battuta mwenyewe nusura achukuliwe na kijana mmoja, akaambiwa huyu si mfanyabiashara, ni mwanachuoni. Kwa hiyo akawa mgeni wa kadhi. Kila mgeni alikuwa na mlango wake.

Sahani ile yenye kawa imebeba kila kitu: chakula, malazi, udalali na ulinzi. Kulala ilikuwa bure, ila aliyekulaza alipata faida yake kwenye pembe na nguo. Nasema hivi kwa sababu tunapenda kujisifu kwamba babu zetu walikirimu bila kutarajia kitu. Walitarajia. Ni vile tu walikuwa na adabu ya kutokuandika kwenye risiti.

Nyumba zenyewe zilijengwa kwa kazi hiyo. Ukienda Lamu ukaingia nyumba kongwe ya mawe, unapita kwanza daka lenye viti vya mawe pande mbili. Wa kuzungumza tu ataishia hapo. Ndani kidogo, kabla hujafika kwa wanawake, kuna sabule, chumba cha mgeni, kimetengwa ili mtu wa nje alale chini ya paa la mwenye nyumba bila kuvuka msana, yaani ukumbi wa familia, wala kuona ndani. Na mgeni wa pwani hakuwa wa usiku mmoja. Alikuja na kaskazi, mwezi wa Desemba au Januari, na hakuweza kurudi mpaka kusi ivume, Aprili na kuendelea. Mtu wa miezi minne humpangishi chumba. Unamzoea, unamtuma, na wengine waliishia kuozwa.

Hapa ndipo zinaporudi zile siku tatu. Katika Uislamu haki ya mgeni ni siku tatu, zaidi ya hapo ni sadaka. Sisi tukasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu huichukulia kama methali ya kumfukuza mtu. Sivyo. Jembe ni namna ya kuingia nyumbani: ukilima na watu, umeacha kuwa mgeni, na chakula chako hakihesabiwi tena.

Na asiyemjua mtu? Bara walikuwa na dawa yake, na dawa hiyo ilikua barabarani. Utani wa Wanyamwezi na makabila ya njiani na ya pwani, Wazaramo, Wazigua, Wagogo, ulinawiri katika misafara hiyo. Mnyamwezi akifika kwa mtani wake asiyemjua hata jina, anaweza kuingia jikoni akafunua chungu, akamtukana mwenye nyumba, na bado akala. Akifa huko ugenini, mtani ndiye atakayeshika kazi za mazishi. Wakubwa, watemi na wafanyabiashara, walichanjiana damu wakawa ndugu. Wengine walitaniana. Yote mawili yalifanya kazi ya hati ya kusafiria.

Nchi nyingine zilikwenda njia ya pili: badala ya mwenyeji akujue, serikali ikujue. Waarabu walikuwa na *funduq*, jumba la wafanyabiashara wa kigeni. Neno likavuka bahari, na Venice wakajenga lao la Wajerumani, Fondaco dei Tedeschi, ambamo wafanyabiashara wa Kijerumani walilazimika kukaa na kuweka mali, ili mji ujue kila kinachoingia na ushuru wake. Jumba la namna hiyo linamlinda mgeni na linamchunga pia.

Kwetu malazi ya kulipia yaliingia kwa nguvu pamoja na reli. Reli ya Mombasa ilifika Kisumu mwishoni mwa 1901, na treni za mwanzo hazikuwa na mkahawa ndani. Kwenye stesheni kama Voi zilijengwa nyumba za mapumziko zilizoitwa *dak bungalow*, jina na mtindo wake vimetoka India, ambako zilikuwa za maofisa na wabeba barua. Nairobi ikapata Norfolk Hotel mwaka 1904, kwa ajili ya walowezi na wawindaji. Wahindi walijitegemea kwa nyumba za wasafiri za jumuiya zao: Waislamu wao walikuwa na musafirkhana, Wahindu dharamshala, wa dini moja kwa wa dini moja. Mwafrika aliyeshuka treni hakuwa na mlango wa Norfolk, na wala hakuutafuta. Aliuliza, "Hapa wapo watu wa kwetu?" Akaonyeshwa nyumba ya Kiswahili, ile ya ukumbi katikati na vyumba vitatu kila upande, akapata mkeka.

Hapo ndipo ninapojibu swali lako la pili. Mtu huyu aliyefika mjini kitanda amekipata kwa ndugu. Kitu gani alilazimika kununua kwa mgeni asiyemjua? Chai. Chai na andazi pale stesheni, wali mchana akiwa kazini. Duka la vitu hivyo liliitwa hoteli, kama linavyoitwa katika miji mingi ya India hadi leo, na Wahindi ndio waliokuwa majirani zetu mjini. Naamini kwa sababu hiyo neno lilitua kwenye sehemu tuliyoihitaji, yaani sahani, na kitanda kikabaki bila jina. Kilipohitaji jina, miaka mingi baadaye, tulikuwa tumeshalitumia. Tukaazima jingine: Kenya wakasema lojing'i, sisi gesti, na kibaoni tukaandika kwa heshima zote "nyumba ya kulala wageni," maelezo marefu kama ya mtu anayemweleza bibi yake kitu kigeni.

Gesti zilishamiri kweli mabasi yalipokatazwa kutembea usiku, katazo lililodumu tangu miaka ya 1990 hadi 2023. Basi la Bukoba au Kigoma likasimama njiani, na kila palipo stendi pakaota vyumba: shuka mbili, sabuni nusu kipande, kandambili zisizolingana, na ukitaka choo ndani unasema "selfu" na bei inapanda.

Niliwahi kulala katika moja ya hizo Kahama. Dada wa mapokezi, macho yakiwa kwenye tamthilia, alinisukumia daftari kubwa la mistari. Jina. Kabila. Kazi. Unatoka wapi. Unakwenda wapi. Nikaandika, lakini kalamu ilisita kwenye kabila. Shilingi 15,000 nimelipa, kabila langu la nini? Nikakumbuka iwanza, nikakumbuka kambi ya chungu kimoja, na "wapo watu wa kwetu?" Daftari lile ndilo lililorithi kazi ya mwenyeji: linauliza wewe ni wa nani, ila likishajua halikupi unga. Nikamuuliza yule dada kama huwa anayasoma. "Polisi wakija ndiyo wanayasoma," akasema, akanipa ufunguo uliofungwa kwenye kipande cha mti.

Kuhusu serai, usidhani zimekwisha. Iliyo hai zaidi katika eneo letu iko Makindu, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa: hekalu la Masingasinga, lililojengwa mwaka 1926 na watu wa reli. Yeyote anayepita, awe wa dini yoyote, anapewa chakula bila kuulizwa bei, na vyumba vipo. Mkienda, vueni viatu nje, mfunike vichwa (vitambaa wanavyo), sigara na pombe viacheni garini. Kuleni kwanza, dengu na chapati, muoshe sahani zenu, ndipo muulize habari za chumba.